Bakteria wa Ukoo Mmoja

Jumapili, mwezi wa sita. Upepo tangu asubuhi, baridi ya kupasua midomo.

Wiki mbili zilizopita mtafiti mmoja aliniuliza swali, nikamjibu, "Sijui, dada." Nilikuwa najua. Sijamwambia mtu yeyote kwamba niliulizwa, hata mama, ingawa swali lenyewe lilikuwa linamhusu yeye.

Nimeanza na hilo kwa sababu nisipoanza nalo nitazunguka mpaka nichoke, halafu nifunge simu bila kuliandika.

Anayenifahamu atakwambia mimi si mtu wa maneno. Shuleni nilikaa dawati la mwisho karibu na dirisha, na mwalimu akiniita nilikuwa najibu kwa sauti ambayo hata mimi siisikii. Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana. Sasa nasubiri majina ya waliochaguliwa kuendelea, na siku zinapita nikiosha vyombo na kupepeta ulezi. Humu kwenye blogu naweza kuongea kwa sababu sioni sura ya mtu. Majina yote nimebadilisha. Humu mimi naitwa Agatha.

Sisi ni watu wa Pito, pembeni ya mji wa Sumbawanga. Huku juu tunalima mahindi na ulezi. Lakini kama familia nyingi za huku tuna kipande cha mpunga chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Mvua zikianza tunashuka na masufuria na magodoro, tunakaa kwenye kibanda mpaka tuvune. Huku juu unalala na sweta, kule chini hata shuka unalitupa. Baba hashuki na sisi. Yeye yuko Kirando kwenye biashara ya dagaa, anarudi akirudi.

Mwaka huu tumerudi huku juu karibu mikono mitupu.

Ilianza kwenye ncha za majani. Ncha zikawa njano, njano ikashuka pembeni mwa jani kwa mawimbi, kisha jani zima likakauka na kuwa jeupe kama karatasi iliyoachwa juani. Ukisimama kwenye tuta asubuhi ulikuwa unaona shamba limebabuka kama limepitiwa na moto, na watu wakauita hivyo hivyo, moto. Masuke yalitoka, lakini ukiyashika hayana uzito. Mapepe matupu. Jirani yetu Mama Restituta, ambaye tunapakana naye bondeni na huku juu pia, alivuna alichoweza akakipepeta. Upepo ukachukua karibu vyote. Alibaki ameshika ungo, akaugeuza na kuupiga mgongoni kama mtu anayetafuta kitu kilichonasa, halafu akaketi chini.

Ana watoto wadogo wanne, na mume wake hayupo tena.

Mtafiti alikuja wakati mpunga umeshaanza kuungua. Ni dada mmoja kutoka Morogoro, daktari wa mimea, lakini alikataa kuitwa daktari. Alitaka tumwite Dada Rehema. Alihitaji mtu wa kumwandikia lebo na kumtafsiria Kifipa kwa wazee wasiopenda kuongea Kiswahili na wageni. Bwana shamba akaninyooshea kidole mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na sikuwa na la kufanya. Niliipenda kazi ile. Sehemu kubwa yake haikuhitaji kuongea.

Tulikuwa tunapita shamba kwa shamba tukikata vipande vya majani na kuvitia kwenye bahasha. Siku ya kwanza alinionyesha kitu. Alikata jani lililoanza kuumwa, akakichovya kipande kwenye glasi ya maji safi, akaniambia niangalie palipokatwa. Nikaona uzi mwembamba mweupe unatoka, unashuka ndani ya maji taratibu kama maziwa.

"Hao ndio wenyewe," akasema. "Huo uzi wote ni bakteria. Mamilioni."

Nilirudisha mkono nyuma. Akacheka. "Hawakuumi wewe. Wanakula mpunga tu."

Lakini juu ya mkasi hakuwa na mchezo. Kabla ya kukata shamba jingine ilikuwa lazima niufute kwa spiriti, niupitishe kwenye moto wa kiberiti, nisubiri upoe. Siku moja nilisahau. Alinirudisha na kuitupa bahasha nzima. "Ukikata huku na mkasi wa kule, umewahamisha," akasema. "Tena umewapa na mlango wa kuingilia. Hawa wanaingia penye jeraha."

Nilifuta mkasi. Wakati ule sikufikiria lolote zaidi ya aibu ya kugombezwa.

Akaondoka na bahasha zake. Wiki mbili zilizopita alirudi Sumbawanga na majibu, akapewa chumba kwenye ofisi moja mjini, akanipigia nikamsaidie kupanga karatasi. Nilimkuta na kompyuta yake na kikombe cha chai kilichopoa. Akavuta kiti, akaniambia, "Kaa hapa, uone wale vijidudu wako wamesema nini."

Nitajaribu kueleza kama alivyonieleza.

Kila bakteria ana maandishi ndani yake, vinasaba vyake. Ni herufi nne tu, zinafuatana kwa namna mbalimbali mpaka zinafika karibu milioni tano. Bakteria akigawanyika anayanakili maandishi yote, na mara chache sana anakosea herufi moja. Kosa hilo wanalirithi watoto wake na wajukuu wake. Kwa hiyo wataalamu wakiwaotesha bakteria kutoka kwenye jani, wakatoa vinasaba vyao na kuvipitisha kwenye mashine inayosoma herufi zote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wanaweza kulinganisha makosa. Wenye makosa yaleyale ni ndugu. Wenye makosa tofauti walishaachana zamani.

Halafu akafungua picha. Ilikuwa kama mti uliolazwa ubavu, na kila tawi lina jina la shamba mwishoni. Majina niliyoyaandika mimi kwa mwandiko wangu, sasa yamepigwa chapa.

Matawi mengi yalikuwa yameachana achana. Lakini upande wa chini palikuwa na fungu la majina yaliyobanana kiasi kwamba ilibidi Dada Rehema aikuze picha ili yasomeke.

"Hawa," akasema, akiweka kalamu juu ya fungu lile, "ni ukoo mmoja. Karibu herufi kwa herufi. Na hawa ndio walioungua vibaya. Sasa niambie ajabu hii. Shamba hili na hili yanapakana, yanakunywa mfereji mmoja, lakini hili lina bakteria wa fungu na hili lina wengine kabisa, tena halikuumia sana. Kwa hiyo maji hayatoshi kueleza."

"Mbegu?" nikauliza. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Mbegu ya duka nilidhani. Lakini tulipima iliyobaki kwenye mifuko, hatukuwaona. Na kuna vijiji vingine vimepanda mbegu hiyohiyo, ukoo huu haupo." Akageuka akanitazama. "Agatha, wewe ni wa kule. Hawa watu wana nini cha pamoja? Nani, au kitu gani, kimepita kwenye mashamba haya yote na hakikupita kwa wengine?"

Nikasoma majina. Shamba letu. La Mama Restituta. Na mengine, yote ninayajua, kwa sababu nimekula ugali kwenye mashamba yale yote.

Ni kikundi cha mama.

Wanawake wa kikundi hicho wanasaidiana kupandikiza kwa zamu. Leo wote kwangu, kesho wote kwako, mpaka wamalize. Miche ya mpunga ikikaa kitaluni sana inarefuka, ukiipandikiza inalala kwenye maji. Kwa hiyo kabla ya kupandikiza wanaipunguza ncha. Kila mtu anaweza kukata, lakini wanasema hakuna anayekata kama mama. Anashika fungu la miche, analigonga kwenye goti ili lisawazike, anapitisha mundu mara moja tu, na ncha zote zinaanguka sawasawa kama nywele za mtoto aliyenyolewa. Basi kwenye zamu zote mkataji ni mama, na mundu ni wake uleule. Wenzake wanamwita fundi. Mama yangu naye si mtu wa maneno, na nadhani lile neno fundi ndilo jambo zuri kuliko yote ambalo watu wamewahi kumwambia.

Dada Rehema hajawahi kumwona akikata. Alikuja miche ikiwa imeshapandikizwa na kushika.

Nilikumbuka na jambo jingine, nikiwa nimekaa palepale mbele ya kompyuta. Zamu ya kwanza ilikuwa ya kwetu. Siku ile mama alinionyesha kona moja ya kitalu, upande wa mfereji kwenye magugu, ambako ncha zilikuwa zimeanza unjano. Akasema, "Hizi zimechoka na jua, ngoja niziondoe." Akazikata zile kwanza, zikawa safi, kijani tupu. Akapangusa mundu kwenye kanga, akaendelea na mafungu mengine.

Kesho yake tukaenda kwa Mama Restituta.

"Agatha?" Dada Rehema alikuwa bado anasubiri.

"Sijui, dada."

Alinitazama kidogo, kisha akasema haya, nikikumbuka chochote nimpigie. Aliniambia ripoti itasomwa kwa wakulima kabla ya msimu ujao. Siku mbili baadaye akarudi Morogoro.

Kabla ya msimu ujao. Yeye hajui hali ya huku.

Huku mtu wa kulaumiwa ameshapatikana. Ni Mzee Hamadi, mwenye duka la pembejeo karibu na soko. Mwaka huu alileta mbegu mpya, na wengi wa kikundi waliinunua. Mbegu mpya, ugonjwa mpya, watu wakajumlisha. Ilianza kama maneno ya kwenye foleni ya mashine ya kukoboa. Sasa watu wanavuka barabara wasipite mbele ya duka lake. Mtu ameandika kwa mkaa kwenye mlango wake MUUAJI WA MPUNGA, na yalipofutwa yakaandikwa tena. Wiki iliyopita walivunja kioo cha gari lake la mizigo. Wengine wameanza kuongeza kwamba hawa wenye maduka ndivyo walivyo, kwamba si wenzetu, wakati mzee yule amezaliwa hapahapa na salamu zake ni za hapahapa.

Binti yake Zuhura ndiye niliyekuwa nakaa naye dawati moja. Miaka minne. Mwalimu akiniuliza nikakwama, yeye alikuwa anajikohoza na kudondosha kalamu ili watu wamtazame yeye. Hakuwahi kusema kwamba anafanya hivyo kwa ajili yangu. Mimi pia sikuwahi kumshukuru.

Ametuma ujumbe: "Mambo? Mbona kimya shosti."

Halafu, baada ya siku kadhaa: "Na wewe unaamini kwamba baba alifanya makusudi?"

Niliufungua. Zile alama zimeshamwambia kwamba nimeusoma. Sijajibu mpaka leo.

Juzi nilitumwa chumvi mjini nikapita mbele ya duka bila kufikiri. Mzee Hamadi alikuwa amekaa mlangoni peke yake na koti lake kubwa, rafu nyuma yake zimejaa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akaniangalia kama vile ameshangaa kwamba nimemwamkia. "Na kwenu mpunga umewaumiza?"

"Kidogo," nikasema.

"Poleni sana. Msalimie mama."

Sikumsalimia mama. Nilifika nyumbani nikaweka chumvi mezani, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, nikiwa nimejifunika mdomo kwa sweta ili wadogo zangu wasisikie.

Usiku huohuo, hapana, ilikuwa bado jioni, mama alikuwa anachekecha ulezi, nikamwambia. Nilimwambia kwa Kifipa maana ndiyo lugha yetu ya jikoni. Nilieleza habari ya jani kwenye glasi, na mkasi na spiriti, na mti wenye majina. Swali la Dada Rehema na jibu langu niliviruka. Nilisema tu kwamba nimeona picha na nimeelewa.

Mama hakunikatiza. Alipumzisha chekecheo kwenye mapaja.

"Kwa hiyo ni mkono wangu," akasema.

"Ni mundu, mama. Ulikuwa hujui. Hakuna aliyekuwa anajua. Huenda wadudu wenyewe walitoka kwenye magugu ya mferejini."

"Mundu haujiendeshi."

 Nikasikia ulezi unadondoka mmojammoja.

"Wale watoto wa Mama Restituta wanakunywa uji wa pumba," akasema. "Mimi ndiye ninayewapelekea pumba hizo. Nikajiona mwema."

Nikataka kumshika. Kwetu hatushikani sana. Nikabaki nimeweka mkono kwenye ukingo wa chekecheo, karibu na wake.

Baadaye akasema, "Wewe usiseme kwa mtu. Jumapili kikundi kinakutana. Nitawaambia mwenyewe."

Nikamwahidi.

Siku hizi mbili mpaka leo niliishi kwa ahadi ile. Nilijiambia mambo yataisha. Mama atasema, watashtuka, watanuna, labda mmoja atatukana, lakini wanamfahamu. Watajua kwamba hakukusudia. Na mwaka kesho watafuta mundu kwa spiriti, au wataacha kabisa kukata, watapandikiza miche ikiwa mifupi. Na Mzee Hamadi ataachwa. Niliyapanga yote kichwani mpaka maneno ya kila mtu.

Leo baada ya misa wakakutana nyuma ya nyumba ya Mama Restituta, upande usio na upepo. Walikaa kwenye mikeka, wamejifunika vitenge mpaka kichwani. Mimi nilikuwa nagawa chai.

Mama Restituta ndiye aliyeongea zaidi. Amekonda. "Jumanne twende wote ofisi ya kilimo," akasema. "Tukienda mmojammoja watatuambia njoo kesho. Tukiwa kundi watatusikiliza. Duka lile lifungwe. Asiuze mbegu tena mkoa huu."

"Atauza nini sasa?" mmoja akauliza.

"Akauze barafu," mwingine akadakia. "Mwezi huu wa sita, hapahapa Sumbawanga. Tuone nani atanunua!"

Wakacheka. Walicheka kwa muda mrefu kuliko utani ulivyostahili, nadhani kwa sababu hawajacheka siku nyingi. Nilishika birika kwa mikono miwili.

Mama akasimama.

Kwa kuwa si kawaida yake, wote walinyamaza. Mtu alimwambia mtoto wake, "Nyamaza, Mama Agatha anaongea."

"Jamani," mama akasema. "Mimi nina neno."

"Sema, fundi wetu," akasema Mama Restituta, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Sema. Wewe moto ulikuanzia kabla yetu sote."

Mama akamtazama. Nilimwona akivuta pumzi. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi kwamba ningeweza kugusa kitenge chake.

"Nasema tumwombe Mungu," akasema. "Tumwombe Mungu tu."

"Amina," wakaitikia.

Akakaa.

Mama Restituta akamgusa begani. "Na msimu ujao, dada, zamu uanzie kwangu. Uje unikatie mimi kwanza, labda mkono wako utaniondolea mkosi."

"Nitakuja," mama akasema.

Nitakuja.

Na mimi nilikuwa pale. Lazima niandike na hili. Mdomo nilikuwa nao kama wao. Ningeweza kuweka birika chini nikasema, shikamooni mama zangu, jambo lenyewe ni hivi na hivi. Nilimwekea mtu sukari kwenye chai yake. Ndicho nilichofanya.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma.

"Usinitazame hivyo," akasema bila kugeuka.

"Sikutazami, mama."

"Nilitaka. Uliniona nilitaka?"

"Nilikuona."

Akaongeza mwendo. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo naijua kwa sababu ni yangu pia, "Wakijua, nani ataniita tena? Mimi sina kingine ninachokijua vizuri. Sikusoma. Sina la kuongea mbele za watu. Nilikuwa na kile tu."

Nikaendelea kumfuata. 

Sasa amelala chumbani na blanketi mpaka usoni, na jua bado lipo. Najua hajalala. Mimi nimekaa nyuma ya nyumba, nimeegemea ukuta ulioshika joto kidogo, naandika hii kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Najaribu kuwa mkweli. Kumekuwa na saa ambazo nimemchukia mama, na nikimchukia nakumbuka kwamba mimi niliulizwa kabla yake. Niliulizwa chumbani, na mtu mpole, tukiwa wawili tu, na hakuna aliyekonda mbele yangu. Nami nikasema sijui. Yeye alisimama mbele ya wote. Alifika mbali kuliko nilipofika mimi.

Nimefikiria pia kwamba labda niiache mpaka ripoti isomwe. Dada Rehema atakuja, atasema mambo ya ukoo mmoja na herufi, watu watatikisa vichwa, na wakati huo duka litakuwa limeshafungwa. Na mama atakwenda kwa Mama Restituta na mundu wake vilevile, kwa sababu ripoti haitautaja. Wale bakteria hawafi kwa sababu sisi tumenyamaza. Dada Rehema aliniambia wanaweza kungoja kwenye mabua na kwenye magugu mpaka mvua zirudi.

Kwa hiyo nimeamua.

Kesho Jumatatu nitaamka mapema, nitachemsha maji, nitampelekea mama chai chumbani. Nitamwambia kwamba ahadi niliyompa naivunja. Nitamwambia na habari ya Dada Rehema, kwamba mimi nilikuwa wa kwanza kunyamaza. Huenda akanipiga. Huenda akanyamaza, na hilo naliogopa zaidi. Kisha nitakwenda mjini dukani kwa Mzee Hamadi, na nitamwambia yeye kabla ya mtu mwingine, kwa sababu ni yeye anayekaa mlangoni. Zuhura atakuwepo. Sijui nitamtazamaje. Baada ya hapo nitampigia Dada Rehema na kumwomba aje kabla ya Jumanne, au aongee na wanawake wale kwa simu, aeleze yeye habari ya miche na jeraha, maana mimi nikieleza watasema nimetumwa na mwenye duka.

Itabidi niongee na watu wengi kwa siku moja kuliko niliowahi kuongea nao kwa mwaka. 

Sijui kama baada ya kesho mama atakuwa na mtu wa kukaa naye kwenye mkeka. Sijui kama atanisamehe. Nimejiuliza mara nyingi leo kama mtoto mwema ni yule anayemfichia mama yake, na kila nikijibu ndiyo namwona Mama Restituta anageuza ungo.

Ninyi mnaosoma humu ni wachache, na wengi wenu mko mbali. Lakini kama upo mmoja wa Pito, na umeshatutambua hata kwa majina ya uongo, nakuomba kitu kimoja. Usimwambie mtu leo. Usimpigie jirani, usimtumie mtu ukurasa huu, usipite kwetu jioni hii ukamwangalia mama kwa jicho la kujua. Litunze mpaka kesho asubuhi.

Anasikia kila hatua inayopita uani. Tafadhali, acha hatua ya kwanza iwe yangu.